Msipande Panzi

Tarehe 4 Machi 1993

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Na mama mfikishie shikamoo yake kabla hujasoma mstari wa pili, maana najua yuko pembeni anauliza nimeandika nini. Sisi huku wazima. Mke wangu ameanza kazi Jumatatu, anasema foronya ulizomshonea ni nzuri mno, anaona haya kuzilalia. Binti yetu Kibibi naye hajambo, ila usingizi wake umekuwa wa mang'amung'amu. Kile kichwa cha cherehani ulichompa kimefika bila mkwaruzo. Nimekiweka juu ya kabati.

Safari ilikuwa nzuri. Tulifika salama, na hilo ndilo la maana.

Sasa, kwa kuwa mwezi wa tano unamleta mama kwa daktari wa miguu, ngoja nikupe ushauri wa mtu aliyepanda ndege zote mbili akiwa na familia. Kuja kwenu tulipanda ile ya jeti, unayoiita Bibi Harusi kwa sababu haitoki mpaka watu wachoke kuingoja. Kurudi tukapanda Panzi. Nimelinganisha kwa makini. Bibi Harusi ina viti vipana, ina choo, mhudumu anapita na maji na biskuti, na Kibibi alipewa karatasi ya kuchorea. Panzi ni viti kumi na viwili tu. Choo hakuna, maji hakuna, kila msumari unausikia unavyolia. Mtoto alitapika, mfuko ukakosekana, nikatoa kofia yangu. Tena rubani amekaa hapo mbele unamwona kisogo. Sipendi, Dada, kuona kisogo cha mtu anayenipeleka juu. Akitokwa jasho unaliona.

Kwa hiyo mama asipande Panzi. Najua Bibi Harusi inatua mji wa pili na mtakaa saa tatu barabarani kuifuata. Vumilieni. Nina rafiki kule, nitamwomba awabebe kwa gari lake.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Mkaguzi


Tarehe 16 Machi 1993

Mdogo wangu,

Marahaba, na mama anasema marahaba mbili, moja yako na moja ya Kibibi. Hapa hatujambo. Mvua imeanza, na paa la chumba cha kushonea limerudia vituko vyake, nimeweka ndoo katikati ya vyerehani viwili. Nina sketi themanini za sare za shule zinanikodolea macho. Mama yuko hapa ananitolea nyuzi. Hajambo, ila chakula anakidonoadonoa tu, anasema ni joto. Nimempunguzia magauni mawili, yalikuwa yanamvuka mabegani.

Haya, tuje kwenye hadithi yako ya ndege. Nimeisoma mara mbili nikitafuta sababu, nikaona biskuti. Miaka kumi na tisa unakagua mizani za maduka, leo umehamia kukagua biskuti?

Ngoja nikukumbushe mwaka juzi, nilipomleta mama kwako na hiyo Bibi Harusi yako. Tuliambiwa saa nne asubuhi. Saa nne ikawa saa nane, saa nane ikawa "subirini kidogo". Mama alikaa kwenye kiti cha chuma saa saba nzima, miguu ikavimba mpaka viatu vikakataa kuingia. Tulipoitwa, kiti cha magurudumu hakuna, eti kimekwama mji mwingine! Mama akapanda ile ngazi ndefu kwa makalio, kidato kimoja kimoja, na watu nyuma yake wanaguna. Begi lake likaenda kutembea kusikojulikana, likarudi siku ya nne limelowa chapachapa. Mhudumu alitabasamu tangu mwanzo hadi mwisho. Tabasamu lilikuwa zuri, sikatai.

Na Panzi je? Kiwanja chake ni dakika kumi kutoka mlangoni kwangu. Ngazi ni vidato vitatu. Mwaka jana nilipompeleka mama kwa shangazi, rubani mwenyewe alimshika mkono akamuuliza kama amekunywa maji. Kelele zipo, lakini mama na masikio yake yale, kelele zitamfanya nini?

Wewe tangu lini ukawa mwoga? Sema kilichokupata. Na Kibibi mbona haniandikii, naye aliniahidi? Kama huna neno jingine, mimi nakata tiketi ya Panzi.

Dada yako


Tarehe 27 Machi 1993

Dada,

Shikamoo. Huku wazima. Mke wangu anakusalimu, yuko jikoni, hajui ninachoandika.

Kibibi hajaandika kwa sababu hataki kushika kalamu. Ndege ikipita juu anaingia chini ya meza, na kumtoa huko ni kazi. Jana aliniuliza, "Baba, ndege yetu ilikuwa nzito?" Nikamwambia ndege zote ni nzito. Akasema, "Lakini ile yetu?" Nikamwambia amalize chakula chake.

Umeuliza kilichonipata. Hakuna. Panzi ilichelewa kidogo kuinuka, basi. Kiwanja chenu ni kifupi, na mwisho wake kuna ua wa waya na vichaka. Tulipita karibu na vile vichaka. Karibu sana, Dada. Watu walipiga kelele, wakanyamaza, halafu wakacheka kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Rubani alifuta kisogo kwa leso. Ni hayo tu.

Zaidi ya hapo siwezi kukuambia, usinilazimishe. Wewe ni mkubwa wangu, mgongo wako ndio uliokuwa kitanda changu, na sijawahi kukupinga. Katika hili nisikilize. Nikimfikiria mama amefungwa mkanda kwenye kile kiti, mikono inanikataa. Juzi nilikwenda kukagua mizani kwenye duka la nafaka, jiwe la kilo tano likaniponyoka likamwangukia mwenye duka kiatuni. Akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Naogopa. Haya, nimeliandika. Naogopa, Dada, na ninakuomba msipande.

Mdogo wako


SIMU YA MAANDISHI, 7 APRILI 1993

MSIPANDE PANZI. SABABU INAKUJA. MKAGUZI


Tarehe 8 Aprili 1993

Mkaguzi,

Leo salamu utazikuta mwishoni, nikiwa nimepoa.

Unajua simu ya maandishi inavyopokelewa mtaani kwetu? Mtu wa posta hakuingia ndani. Alisimama mlangoni ameshika kofia mkononi, maana karatasi ile haijawahi kufika hapa ila na msiba. Jirani yangu muuza mkaa alianza kulia kabla sijaifungua. Mama akasema, "Ni mwanangu," akashika ukingo wa meza, akashuka chini taratibu mpaka sakafuni. Nafungua, nasoma: MSIPANDE PANZI. Ama kweli! Nilitaka kucheka, nikalia. Mama alikaa muda mrefu pumzi haimjii, nikawa nampepea na sketi ya mtoto wa watu.

Sasa nisikilize mimi. Mficha uchi hazai. Kama kuna jambo, liseme lilivyo, usinitumie vipande vipande kama mabaki ya kitambaa.

Mama lazima afike kwako mwezi wa tano. Hilo halisogezwi. Ni miguu tu, usianze maswali, lakini daktari wa hapa amesema mwezi wa tano usipite. Na barabara ya kwenda kwa Bibi Harusi wako haipo tena. Jumapili mto umebeba daraja. Imebaki Panzi, au mama abaki. Kwa hiyo sema, au niache nifanye ninavyojua.

Salamu zenyewe ni hizi: mama anakusalimu. Anasema usimtishe tena mtu kwa karatasi fupi.

Dada yako


Tarehe 16 Aprili 1993

Dada,

Shikamoo. Unisamehe, na uniombee msamaha kwa mama. Jana nilimwambia mke wangu yote. Tangu jana anaweka sahani mezani na kuondoka. Leo nakuambia wewe.

Siku ile kiwanjani kwenu, Panzi walipima mizigo na sisi wenyewe. Nilipanda mizani ikasoma sabini. Mimi ni kilo sabini na nane. Ofisini kwetu kila mkaguzi hujipima Jumatatu asubuhi kwenye mizani kuu, ile inayotumika kuzisahihisha mizani zote za mkoa. Ni desturi yetu ya kuanza wiki. Miaka sita sijaongezeka wala kupungua. Nikajua pale pale kwamba ile mizani inapunja. Nikachungulia ubavuni, mahali pa ule mhuri wa madini ya risasi tunaougonga mizani ikishakaguliwa, nikakuta tundu tupu lenye vumbi. Kila kilo kumi ilikuwa inaandikwa tisa. Alipanda baba mmoja mnene, karani akaandika tisini, nikajua ni mia. Watu kumi na wawili na mabegi yao, hesabu niliipiga kichwani bila kutaka, ndiyo kazi yangu. Ndege ilikuwa inapandisha karibu watu wazima wawili ambao hawakuandikwa popote.

Na sikusema. Ni kwa ajili ya kile kichwa cha cherehani. Nilijua begi la Kibibi limezidi, nilishajiandaa kuambiwa tukiache, na mtoto alilikumbatia begi lile tangu nyumbani kwako. Likawekwa juu ya mizani, likasoma sawasawa kabisa. Kibibi akarukaruka. Nikasema moyoni, leo mizani mbovu imenifaa. Watu nimewafungia maduka kwa kosa hilo hilo, Dada, wengine wakinilamba miguu mbele ya wake zao. Siku yangu ilipofika nikafumba macho, tena kwa furaha.

Halafu tukafika mwisho wa kiwanja na ndege haijainuka. Nilisikia matawi yanakwaruza chini ya miguu yangu. Nimemshika Kibibi mkono, na kichwani najumlisha kilo. Mle ndani wote walikuwa wanamwuliza Mungu kwa nini, isipokuwa mimi.

Kwa hiyo ndiyo hiyo sababu. Sikuiandika mapema kwa aibu, na kila siku niliyochelewa Panzi iliruka na watu wengine ndani. Nikisikia redio inatangaza habari natoka nje.

Leo asubuhi nimeandika yote na kumpelekea mkuu wangu. Amenisimamisha kazi. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Mwenzangu, yule tunayemwita Bwana Risasi kwa kuwa ndiye mtia mihuri, ameondoka saa hiyo hiyo na mawe ya kupimia, kwa ile njia ya kuzunguka milimani, ya mashimo yanayomlaza hata mtu mzima wa afya. Kutoka kwenu ataendelea na vituo vingine, sijui atarudi lini. Mpaka nikuambie amefika na ameirekebisha, mama asipande. Nakuomba kwa magoti.

Mdogo wako


Tarehe 27 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Kibibi shangazi yake hana kinyongo na cherehani. Wewe sijakusamehe bado, nitakusamehe nikipata nafasi. Sasa hivi nina jambo ambalo wewe peke yako ndiye wa kulijibu.

Nilikuita mficha uchi. Na mimi je? Mama haumwi miguu. Tangu mwezi wa kwanza chakula hakikai tumboni. Daktari wa hapa alimpapasa akakuta kitu kigumu upande wa kushoto, akaandika barua ya kwenda kwa bingwa huko kwako. Mama akanikataza nisikuambie, nami nikaona nafuu kukatazwa. Mlipokuja mwezi wa pili alivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, ili usimwone alivyokwisha. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo kila asubuhi.

Jana, Jumatatu, nilimpeleka kiwanjani kukata tiketi ya tarehe 20 Mei. Usiseme nimekuasi, kukata tiketi si kupanda. Panzi wana utaratibu wao, mzee anayehitaji kusaidiwa hupimwa uzito siku ya kukata tiketi, wapange mapema akae wapi. Mama akapanda mizani na viatu vyake na koti lake. Ikasoma thelathini na tisa. Mwaka jana kliniki alikuwa sitini na moja.

Ndipo nikaikumbuka barua yako, na usicheke, nilifurahi. Nikasema asante mdogo wangu kwa dhambi yako, kumbe mizani inapunja! Nimefika nyumbani nikapiga hesabu kwa chaki ya kukatia nguo: kama kumi inaandikwa tisa, basi mama ni arobaini na tatu na kitu. Daktari aliniambia wazi, akiwa chini ya arobaini hawathubutu kumpasua, itabidi wamlaze kwanza wamtie nguvu kwa wiki kadhaa, na wiki hizo hana uhakika kama tunazo. Arobaini na tatu anapasuliwa mara moja. Unaona? Zile kilo nne ndizo mama.

Sijui kama Bwana Risasi wako alifika. Nilimwuliza karani, akasema yeye mwenyewe alikuwa likizo na amerudi siku hiyo hiyo. Ule ubavu wa mizani ulioniandikia, wenye tundu la mhuri, ulikuwa upande wangu. Ningeinamisha kichwa tu ningeona. Sikuinamisha. Tepu inaning'inia shingoni kutwa, napima watoto wa watu mpaka upana wa kidole, na magauni ya mama nilikuwa nayapunguza kwa kukisia ili nisisome namba.

Niandikie kwamba bado inapunja. Naogopa kuliko ulivyoogopa wewe juu ya vichaka.

Dada yako


Tarehe 6 Mei 1993

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika nimesimama kwenye kaunta ya Panzi huku mjini. Rubani amekubali kuiweka barua hii mfukoni mwake, itakuwa mkononi mwako leo kabla jua halijazama. Kibibi nimekuja naye. Amenishika shati, lakini amekuja.

Bwana Risasi amerudi juzi. Alifika kwenu tarehe 20 Aprili, na asubuhi ya tarehe 21 aliyapandisha mawe yote juu ya ile mizani, moja baada ya jingine, akaisahihisha, akaigonga mhuri. Amenionyesha cheti. Nimekisoma mara nne nikitafuta kosa. Nikamwuliza kama kuna uwezekano imelegea tena ndani ya siku tano. Akanigeuzia cheti niuone mhuri tena. Anajua kwamba najua.

Wewe ulimpima mama tarehe 26.

Nimekaa na barua yako tangu jana na kalamu mkononi. Ilikuwa rahisi sana kuandika neno moja, wewe ukafurahi, na mama akafurahi kwa kukuona umefurahi. Nilikwisha kunyamaza mara moja kwa sababu namba ilinipendeza. Siwezi tena. Haipunji, Dada. Ni thelathini na tisa, na humo ndani kuna koti na viatu.

Lia sasa hivi, ukimaliza fungasha. Msingoje tarehe 20 Mei. Asubuhi hii nimeonana na bingwa mwenyewe, kitanda kipo, wataanza kumtia nguvu siku ile ile atakayofika. Karani wa hapa amewahamishia viti hadi keshokutwa, Jumamosi, saa tatu. Mama mwambie najua. Mwambie avae gauni moja.

Ndege ni salama. Pandeni. Mimi nitakuwa hapa uwanjani tangu alfajiri.

Mdogo wako